Tuzo ya marais wanaong'atuka: majibu kwa wasomaji

Wiki mbili zilizopita niligusia kwa mistari miwili tu Tuzo ya Ibrahim, ile wanayopewa marais wastaafu wa Afrika walioongoza vizuri kisha wakaondoka madarakani kwa amani. Mistari hiyo miwili imeniletea maswali kutoka kila upande. Nimechagua yale yaliyojirudia na nimeyafupisha bila kugusa maana yake.

SWALI: Tuzo hii ilianza lini, na mtu akitaka kuipata anatakiwa awe amefanya nini? (Msomaji, Morogoro)

Ilitangazwa London mwezi Oktoba 2006, na mshindi wa kwanza alipatikana mwaka uliofuata. Kamati ya kwanza ya kuchagua iliongozwa na Kofi Annan, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwenye kiti cha Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Masharti ni haya. Mtu awe amekuwa mkuu wa nchi au wa serikali mwenye mamlaka ya utendaji. Awe aliingia kwa kura za wananchi, asiwe amevuka muda aliowekewa na katiba, na awe ameachia madaraka ndani ya miaka mitatu iliyopita. Mwisho, uongozi wake uwe wa kipekee. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa sababu mtu anaweza kutimiza hayo mengine yote na kamati ikamwambia bado.

Fedha zake ni dola milioni 5 za Marekani, zinazotolewa kidogo kidogo kwa miaka 10. Ni dola 500,000 kila mwaka. Miaka hiyo ikiisha, mshindi anaendelea kupata dola 200,000 kila mwaka hadi mwisho wa maisha yake. Kwa kiasi cha fedha, inaipita Tuzo ya Amani ya Nobel kwa mbali.

SWALI: Huyo Mo Ibrahim ni nani, na utajiri wake ulitoka wapi? Isije ikawa ni fedha za mafuta. (Msomaji, Muscat)

Si mafuta, ni simu. Na huenda wewe mwenyewe ulimchangia bila kujua.

Mo Ibrahim ni Mnubi wa Sudan, mzaliwa wa mwaka 1946. Alisoma uhandisi Alexandria nchini Misri, akaendelea na masomo Uingereza, Bradford na kisha Birmingham, na akafanya kazi katika kampuni ya simu ya British Telecom. Mwaka 1998 alianzisha kampuni ya simu za mkononi kwa ajili ya Afrika, wakati makampuni makubwa ya Ulaya yaliamini kwamba Mwafrika hana fedha ya kununua muda wa maongezi. Kampuni hiyo ikaja kuitwa Celtel. Wenye umri wangu wanazikumbuka vocha zake za kukwangua, Tanzania, Uganda, Kongo, na Kenya ilikoinunua KenCell. Mwaka 2005 aliiuza kwa kampuni ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. Wanunuzi waliibadilisha jina ikawa Zain, na mwaka 2010 shughuli zake nyingi za Afrika zikauzwa tena kwa Wahindi, ndiyo Airtel tunayoijua leo.

Ameeleza mara nyingi kwamba kujenga mtandao wa simu kulimfundisha jambo moja: kazi ngumu Afrika haikuwa kusimamisha minara, ilikuwa kukutana na serikali. Palipokuwa na utaratibu unaoeleweka, biashara ilikwenda. Palipokuwa na mkubwa anayetaka chake kwanza, kila kitu kilikwama. Alipouza kampuni, akaamua sehemu ya fedha hizo iende kwenye jambo lililomsumbua zaidi, akaanzisha wakfu wenye jina lake mwaka 2006.

SWALI: Nimeambiwa mshindi wa kwanza alikuwa anazungumza Kiswahili. Ni kweli au ni maneno ya vijiweni? (Msomaji, Mtwara)

Ni kweli kabisa, na wewe wa Mtwara una haki ya kuulizia habari hii kuliko sisi wengine, maana sehemu kubwa ya hadithi yake imepita huko kwenu.

Mshindi wa kwanza ni Joaquim Chissano wa Msumbiji. Chama chake, FRELIMO, kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na kwa miaka yote ya vita vya ukombozi makao yake yalikuwa upande huu wa Mto Ruvuma, unaotutenga na Msumbiji. Wapiganaji walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Rais wa kwanza wa chama, Eduardo Mondlane, aliuawa hapa hapa Dar es Salaam Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Chissano aliishi Tanzania akiwa kijana wa chama, na Kiswahili alikipata humo, kwa watu, si darasani.

Mwezi Julai 2004, akimaliza zamu yake ya uenyekiti wa Umoja wa Afrika, alisimama mbele ya marais wenzake Addis Ababa akahutubia kwa Kiswahili. Wakalimani hawakuwa wamejiandaa. Kwa nusu ya ukumbi lilikuwa jambo la kushangaza, lakini kwetu ilikuwa kama kumsikia ndugu akiita kutoka mbali.

Sasa turudi kwenye tuzo. Chissano alichukua urais mwaka 1986 baada ya ndege ya Rais Samora Machel kuanguka Mbuzini, Afrika Kusini. Alirithi nchi iliyokuwa ikiungua. Vita kati ya serikali na waasi wa RENAMO vilidumu miaka 15 na inakadiriwa vilimaliza watu wapatao milioni moja. Watu wa mpakani wanakumbuka wakimbizi waliovuka mto na watoto mgongoni. Yeye ndiye aliyekubali kukaa na watu aliokuwa akiwaita majambazi, na tarehe 4 Oktoba 1992 wakatia saini makubaliano ya amani mjini Roma. Akashinda uchaguzi wa 1994 na ule wa 1999, ingawa wa pili ulilalamikiwa sana. Katiba ilimruhusu kugombea tena 2004. Hakugombea. Jina lake lilitangazwa tarehe 22 Oktoba 2007, siku aliyotimiza miaka 68, na wakati huo alikuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa akitafuta njia ya kumaliza vita vya waasi wa Lord's Resistance Army kaskazini mwa Uganda. Alipewa tuzo Alexandria mwezi uliofuata. Mwaka huo huo Nelson Mandela naye alipewa tuzo ya heshima; yeye aliongoza muhula mmoja tu, 1994 hadi 1999, akasema yatosha.

Lugha yetu ina neno la jambo hili, tena zuri kuliko nililowahi kulisikia katika lugha nyingine yoyote ninayoifahamu: kung'atuka. Mwalimu Nyerere alilitoa katika Kizanaki, lugha ya kwao Butiama, akalipandisha jukwaani alipoacha urais mwaka 1985. Kustaafu ni kwa yeyote umri ukifika. Anayeng'atuka ni mtu ambaye angeweza kubaki.

SWALI: Ikiwa Mwalimu ndiye aliyetufundisha neno, mbona yeye hakupewa? (Msomaji, Dodoma)

Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, miaka saba kabla tuzo haijaanzishwa. Hakukosa heshima nyingine. Mwaka 1983 alipewa Medali ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa namna Tanzania ilivyowapokea wakimbizi, na mwaka 1995 serikali ya India ilipoanzisha Tuzo ya Amani ya Gandhi, mtu wa kwanza kabisa kuipokea alikuwa yeye.

SWALI: Naomba orodha ya washindi wote. Nataka kumsomea mwanangu ambaye amezaliwa huku na anafikiri marais wa Afrika wote ni wa kupindua na kupinduliwa. (Msomaji, Minneapolis)

Msomee hii, dada, na umweleze kwamba ni fupi kwa sababu kamati ni kali.

Baada ya Chissano na Mandela wa 2007, mwaka 2008 alikuja Festus Mogae wa Botswana. Huyu aliongoza nchi yenye almasi na yenye janga kwa wakati mmoja: makadirio ya Umoja wa Mataifa ya miaka ile yalionyesha zaidi ya theluthi ya watu wazima wana virusi vya UKIMWI. Hakulificha wala kulionea haya. Kuanzia 2002 Botswana ilitoa dawa za kufubaza virusi bure kwa raia wake, mpango wa kwanza wa kitaifa wa aina hiyo Afrika, na fedha za almasi ziliusaidia. Akaondoka Aprili 2008 muda wake ulipokwisha.

Mwaka 2011 ni Pedro Pires wa Cabo Verde, na hapa naomba usimame kidogo, kwa kuwa huyu watu wengi hawamjui. Alikuwa mpigania uhuru, akawa waziri mkuu tangu uhuru wa 1975, chini ya chama kimoja. Ulipofanyika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi mwaka 1991, chama chake kilishindwa. Akatoka ofisini. Hakuna risasi iliyopigwa. Akakaa nje ya serikali miaka 10, kisha akagombea urais mwaka 2001 akashinda kwa kura 12. Umesoma sawa, kura kumi na mbili, nchi nzima, na aliyeshindwa hakuingiza watu mtaani. Visiwa vile havina almasi wala mafuta, hata mvua ni ya kubahatisha, lakini Desemba 2007 vilitoka kwenye orodha ya nchi maskini kabisa duniani. Alipomaliza mihula miwili alikataa mawazo ya kubadilisha katiba ili apate wa tatu.

Mwaka 2014 ni Hifikepunye Pohamba wa Namibia. Aliyemtangulia, Sam Nujoma, alibadilishiwa katiba akapata muhula wa tatu. Pohamba angeweza kuifuata njia hiyo iliyokwisha kufyekwa. Alimaliza miwili, Machi 2015 akamkabidhi Hage Geingob.

Wa 2017 ni Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia, mwanamke wa kwanza Afrika kuchaguliwa kuwa rais. Wa 2020 ni Mahamadou Issoufou wa Niger. Hawa wawili wana maswali yao, nitayafikia.

SWALI: Umetaja 2007, 2008, 2011, 2014, 2017, 2020. Hiyo miaka mingine ilikuwaje? Fedha ziliisha? (Msomaji, Mombasa)

Fedha zipo. Kamati ilikaa, ikatazama walioondoka madarakani, ikasema hakuna. Ilisema hivyo 2009, ikarudia 2010, kisha 2012, 2013, 2015, 2016, 2018 na 2019. Hesabu mwenyewe: tangu 2007 hadi 2020, miaka minane ni mitupu na sita ina washindi.

Wapo wanaoicheka tuzo kwa sababu hiyo. Mimi naona miaka hiyo mitupu ndiyo sehemu ya tuzo inayosema kweli kwa sauti kubwa kuliko zote. Tumezoea tuzo ambazo lazima mtu apatikane, ukumbi umeshalipiwa na chakula kimeagizwa, basi atapewa yeyote aliye karibu. Hawa wana milioni tano mezani na wanaweza kusema mwaka huu zibaki. Kamati haitoi orodha ya waliofikiriwa wala sababu za kuwaacha, na nadhani ni busara, maana hailengi kumfedhehesha mtu. Lakini kimya chake kinasikika.

Na ukitazama kanda yetu katika miaka hiyo hiyo, kimya hicho kinaeleweka. Uganda iliondoa kikomo cha mihula mwaka 2005, na mwaka 2017 ikaondoa pia kikomo cha umri. Mwaka 2015 Burundi iliingia kwenye machafuko kwa sababu ya muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza. Mwaka huo huo Rwanda ilipiga kura ya maoni iliyomfungulia Paul Kagame miaka mingine. Mshindi hawezi kupatikana mahali ambapo hakuna anayeondoka.

Mwaka 2012, kiti kikiwa kitupu, wakfu ulimpa Askofu Mkuu Desmond Tutu dola milioni moja kama tuzo maalumu, kwa kusema ukweli mbele ya wenye nguvu maisha yake yote. Hakuwahi kuwa rais, kwa hiyo haingii kwenye orodha ya marais.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Nikitimiza wajibu wangu hakuna anayenipa hata asante. Rais akiheshimu kiapo alichokula mwenyewe, kwa nini alipwe mamilioni? (Msomaji, Bukavu)

Mwalimu, swali lako limenikalia kichwani siku kadhaa, na sitakujibu kana kwamba ni jepesi.

Hoja ya Mo Ibrahim ni hii. Waziri mkuu wa nchi ya Ulaya akitoka ofisini, dunia inamngoja: anaandika kumbukumbu zake na kulipwa, anaalikwa kwenye bodi za benki, anatoa mihadhara. Rais mwaminifu wa nchi maskini akitoka hana anayemngoja. Kwa hiyo akiwa bado ndani anaona njia tatu: arudi kwenye dhiki, aibe mapema, au asitoke kabisa. Tuzo inamwekea ya nne, ili mtu mwenye uzoefu huo aendelee kutumika, kusuluhisha migogoro, kufundisha, bila kwenda kwa mtu yeyote kuomba.

Sehemu ya hoja hiyo naikubali. Chissano alisuluhisha migogoro mingi baada ya kustaafu, na mtu wa kazi hiyo hafai kuwa na njaa. Lakini mahali ambapo nakuunga mkono wewe ni hapa: milioni tano haziwezi kumshawishi mwizi. Anayeweza kuchota mamia ya mamilioni kwenye mgodi mmoja wa nchi yako hatazitazama mara mbili. Kwa hiyo kama lengo ni kumhonga mla rushwa aache rushwa, tuzo haifui dafu. Naamini inafanya kazi nyingine, ndogo zaidi lakini ya maana. Inamtafuta kiongozi ambaye angefanya vizuri hata bila fedha hiyo, inamtaja jina, ili mtoto wa Bukavu ajue kwamba mtu wa namna hiyo yupo. Vyombo vya habari vya dunia vinawajua madikteta wetu kwa majina yote matatu. Pedro Pires hawamjui.

Kuhusu asante yako, mwalimu, huo ni upungufu wa tuzo zote za namna hii. Muuguzi aliyegawa dawa kijijini Botswana hakupanda jukwaa la Mogae. Nami sina la kulitetea hilo.

SWALI: Si ingetosha Nobel? Kuna haja gani ya tuzo nyingine ya amani? (Msomaji, Kampala)

Nobel ni mzee, ilianza 1901, na Waafrika wameipata tangu Albert Luthuli wa Afrika Kusini, tuzo ya 1960. Wangari Maathai wetu aliipata 2004, Daktari Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi, Bukavu, mwaka 2018. Wala haimtaki mtu awe rais.

Tofauti kubwa iko kwenye saa ya kutoa. Nobel humpa mtu akiwa bado njiani. Waziri Mkuu Abiy Ahmed wa Ethiopia aliipokea 2019 kwa kupatana na Eritrea, na Novemba 2020 vita vya Tigray vikaanza, yeye akiwa madarakani, na majeshi ya Eritrea yakashiriki. Tuzo ya Ibrahim husubiri mtu atoke, au angalau awe mlangoni akitoka, ndipo imtazame. Wahenga walisema asifuye mvua imemnyea. Kwa watawala, naona hata kumsifia baada ya kuondoka kunahitaji uangalifu, na swali linalofuata linaonyesha kwa nini.

SWALI: Je, wamewahi kukosea? Nauliza hasa kuhusu Liberia na Niger. (Msomaji, Arusha)

Sirleaf kwanza. Alipokea nchi iliyovunjwa na vita viwili, akaivusha kwenye Ebola ya 2014, na Januari 2018 akamkabidhi George Weah, makabidhiano ya kwanza ya amani kati ya marais waliochaguliwa tangu 1944. Alikuwa na Nobel ya 2011 pia. Lakini Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Liberia mwaka 2009 ilipendekeza azuiwe kushika wadhifa wa umma kwa miaka 30, kwa sababu alimuunga mkono Charles Taylor mwanzoni mwa vita. Alilaumiwa kwa kuwapa wanawe vyeo. Chama chake mwenyewe kilimfukuza mwezi mmoja kabla ya tuzo kutangazwa. Salim Ahmed Salim, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati wakati huo, alikiri hadharani kwamba utawala wake haukukosa kasoro. Mimi ningempa. Ningempa kwa sababu ya ile siku ya Januari, maana nchi ile haikuwa imeiona siku kama hiyo kwa zaidi ya miaka 70.

Niger inaniumiza zaidi. Issoufou alitangazwa Machi 2021, na Aprili akamkabidhi Mohamed Bazoum. Rais aliyechaguliwa kumpokea rais aliyechaguliwa, kwa mara ya kwanza tangu nchi hiyo ipate uhuru. Nilifurahi sana siku ile. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Julai 2023, kikosi cha walinzi wa rais kilimgeuka Bazoum, kikamfungia ndani ya makazi yake. Mkuu wa kikosi hicho, Jenerali Abdourahamane Tchiani, alikuwa amekiongoza tangu 2011, kwa uteuzi wa Issoufou. Issoufou amekanusha kuhusika. Sina cha kumshtaki nacho. Ila inabaki kwamba aliondoka yeye, na mtu aliyempa bunduki akabaki nyuma mlangoni. Kamati ilipima namna alivyotoka. Haikuwa na kipimo cha alichokiacha ndani ya nyumba.

SWALI: Afrika Mashariki tuna marais waliomaliza muda na kuondoka kwa heshima. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyepata? (Msomaji, Bujumbura)

Ni kweli waliondoka. Benjamin Mkapa Desemba 2005, Mwai Kibaki Aprili 2013, Jakaya Kikwete Novemba 2015. Wote waliingia ndani ya ile miaka mitatu, na hakuna aliyechaguliwa. Kwa kuwa kamati haitoi sababu, kila msomaji ana haki ya kupima mwenyewe. Kwa Kibaki, mimi siwezi kuruka uchaguzi wa Desemba 2007 na watu zaidi ya 1,100 waliouawa baada yake. Kwa Mkapa, nakumbuka mauaji ya Pemba ya Januari 2001, ambayo yeye mwenyewe baadaye alisema yalitia doa utawala wake.

Lakini Mkapa huyo huyo alikwenda Nairobi mapema 2008, pamoja na Kofi Annan na Graça Machel, wakakaa na Kibaki na Raila Odinga hadi mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Februari. Annan ndiye aliyekuwa ametoka kumtangaza Chissano miezi minne tu kabla.

Na kanda yetu haikuwa mbali na tuzo yenyewe. Jukwaa la wakfu la mwaka 2009 lilifanyika Dar es Salaam. Sirleaf alikabidhiwa yake Kigali, Aprili 2018. Na tarehe 2 Machi 2015, Nairobi, aliyesimama kusoma jina la mshindi alikuwa Salim Ahmed Salim, Mzanzibari, Katibu Mkuu wa zamani wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Jina alilolisoma ni la Pohamba, ambaye chama chake, SWAPO, kiliweka makao yake ya kwanza uhamishoni Dar es Salaam, mwaka 1961.